Uji wa mtoto umegeuka maji baada ya kutia kimea. Umeharibika au ndivyo ulivyo?

MamaG_Kimara aliuliza:

Habari zenu wadau, na wakubwa shikamooni.

Nina mtoto wa miezi tisa, kilo nane kasoro kidogo. Tangu nimwanzishie chakula shida yangu ni moja. Uji mwepesi anakunywa vizuri, lakini saa moja haijapita analia njaa. Uji mzito anautema, anafunga mdomo na kugeuza shingo mpaka nakata tamaa. Mama mkwe yuko Njombe. Nilipomweleza, akanitumia mzigo kwa basi, ndani mna mfuko wa unga wa kahawia, akasema ni kimea cha ulezi. Maelekezo yalikuwa ya simu na mtandao ulikuwa unakatakata: pika uji mzito, tia kijiko kimoja cha kimea, koroga.

Jumapili nikapika uji wa mahindi mzito kweli, mwiko unasimama wenyewe. Nikaipua, nikaenda kumwogesha mtoto. Niliporudi nikatia kimea, nikakoroga. Dakika tano hazikufika, uji umekuwa kama maji ya kuoshea mchele! Nikaonja, una utamu, na sukari sikutia hata chembe. Niliogopa jamani. Nikajua kimechacha njiani, nikamwaga sufuria nzima.

Jumanne nikajaribu tena. Safari hii nikasema nisingoje upoe, nitie kimea uji ukiwa unatokota jikoni ili kama kuna wadudu wafe. Hakikutokea kitu. Nilikoroga mpaka mkono ukauma, uji mzito vilevile. Kimea kilekile, unga uleule, sufuria ileile.

Mama mkwe anasema tu, "uache upoe kidogo, kimea hakipendi moto." Naomba anayejua anieleze humo ndani mna nini. Uji ukishakuwa maji, chakula kimekwenda wapi? Namlisha mtoto au namnywesha maji matamu? Na je, ni salama kwa umri wake?

Baba_Wawili alijibu:

Dada yangu, mimi si mtaalamu, lakini kitu kinachogeuza uji kuwa maji ndani ya dakika tano nisingempa mtoto wangu. Hiyo kasi si ya chakula, hiyo ni kemikali. Mheshimu mama mkwe, ila nunua unga wa lishe dukani uwe na amani.

MwalimuMstaafu_Songea alijibu:

Marahaba mwanangu. Nimefundisha Baiolojia sekondari kwa miaka 31, nimezaliwa Mbinga, na hicho ulichomwaga Jumapili ndicho nilichokuwa nakililia nikiwa mtoto. Hakikuchacha. Kilifanya kazi yake sawasawa. Baba Wawili naye namwelewa, maana kasi hiyo inashtua, lakini kitu cha aina hiyohiyo kimo kwenye mate yake sasa hivi. Akitafuna kipande cha mkate mkavu bila kumeza, akakiweka mdomoni kidogo, ataona kinaanza kuwa kitamu.

Kinaitwa kimeng'enya. Nitakueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ukishakielewa hutaharibu uji tena.

Anza na punje ya ulezi. Punje ni ghala. Ndani yake mmea mchanga umewekewa akiba ya wanga wa kutumia mpaka uote majani yake mwenyewe. Lakini wanga hauyeyuki kwenye maji, kwa hiyo hauwezi kutoka ghalani kwenda kwenye mzizi unaochipua. Lazima ukatwekatwe kwanza uwe sukari. Punje ikilowa, kiini kinapeleka ishara kwenye tabaka linalozunguka ghala, na tabaka hilo linaanza kutengeneza vimeng'enya vya kukata wanga.

Sasa angalia alichokuwa anafanya bibi yangu. Alilowesha ulezi usiku mmoja, akauchuja, akaumwaga kwenye kapu alilotandika majani ya mgomba, akaufunika. Asubuhi na jioni aliunyunyizia maji. Siku ya tatu ulikuwa umetoa vimizizi vyeupe kama uzi. Hapo hakungoja. Aliuanika kwenye mkeka juani mpaka ukakauka kabisa, akaufikicha, akausaga. Jua lilisimamisha uotaji, lakini vimeng'enya vilibaki vizima ndani ya punje kavu. Kwa hiyo kimea ni ulezi uliokamatwa wakati ghala limejaa mapanga na bado halijaliwa. Ukiutia kwenye uji, mapanga yale yanakuta wanga mwingine, wa mahindi, na kuanza kuukata. Hayaulizi ni wa nani.

Sasa kwa nini uji ulegee. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, mamia na maelfu zimeshikana. Ukipika, punje za wanga zinavimba, zinameza maji, minyororo inatapakaa na kusokotana kama kamba za mgomba zilizorundikwa. Huo ndio uzito wa uji. Kimeng'enya kiitwacho alfa-amilesi kinakata minyororo hiyo katikati. Mikato michache tu inatosha kuulegeza mrundikano wote, ndiyo maana uji unakuwa maji haraka sana. Kuna na mwenzake, beta-amilesi, ambaye anaanzia mwisho wa mnyororo na kubandua glukosi mbilimbili. Hizo mbilimbili ndizo maltosi, sukari ya kimea. Utamu ulioonja ni huo.

Chakula kimekwenda wapi? Hakijakwenda popote. Unga uliotia sufuriani uko wote humo. Ulichopoteza ni unene peke yake.

Na hapa ndipo penye faida ya mtoto wako. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba kama mililita 240 kwa mlo, yaani kikombe kisichojaa sana. Uji wa kawaida unaonyweka, kila gramu 100 ina unga kama gramu tano mpaka kumi, kilichobaki ni maji. Chukua sita. Mtoto akimaliza kikombe chake amepata unga gramu 14 hivi. Analia baada ya saa moja, na ana haki ya kulia! Ukipika uji wenye unga gramu 20 katika 100 hawezi kuumeza, unasimamisha mwiko. Utie kimea, unanyweka, na kikombe kilekile sasa kimebeba gramu 48. Zaidi ya mara tatu, tumbo lilelile. Jambo hili si la bibi yangu peke yake. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha kazi yao kuhusu unga wa nafaka zilizooteshwa kwa ajili ya kuongeza chakula ndani ya uji wa watoto wa Tanzania. Kwa hiyo usipike uji mwepesi halafu ukatia kimea, hapo kweli utamnywesha maji. Pika mzito, kisha ulegeze.

Sasa Jumanne. Kimeng'enya ni protini, na kazi yake yote iko kwenye umbo lake. Kimejikunja kwa namna yake, na mahali fulani kina kishimo kinachopokea kitu kimoja tu. Emil Fischer, mkemia wa Ujerumani, alifananisha jambo hili na ufunguo na kufuli mwaka 1894, na wanafunzi wangu wote walilikariri hivyo. Umbo hilo linashikiliwa na nguvu dhaifu. Likipata moto mwingi linafumuka. Umeshaona ute wa yai ukigusa kikaango unavyokuwa mweupe: ni protini inafumuka, na hairudi tena kuwa ute hata ukiipoza mwaka mzima. Ulipotia kimea kwenye uji unaotokota, mapanga yote yalipinda kabla hayajakata kitu. Jumapili ulimwogesha mtoto kwanza, uji ukapoa bila wewe kukusudia, mambo yakaenda.

Bibi hakuwa na themomita. Alichovya kidole cha mwisho kwenye uji na kuhesabu polepole mpaka tano. Ukikitoa kidole kabla ya tano, bado. Ukifika tano kidole kinalalamika lakini kinavumilia, tia kimea. Nilipoanza kufundisha nilikwenda likizo na themomita ya maabara, nikapima uji wake bila kumwambia sababu. Nyuzi 50. Alfa-amilesi ya kimea inafanya kazi vizuri sana kati ya nyuzi 50 na 60 na kidogo juu ya hapo, na beta-amilesi huanza kushindwa kabla ya nyuzi 70. Nilikaa jikoni pale na themomita yangu mkononi, nikamwangalia yule mama ambaye hakwenda shule hata siku moja, nikaona aibu kwamba nilikuwa nimekuja kumpima.

Baridi nayo ina neno lake. Uji ukipoa kabisa vimeng'enya haviharibiki, ila vinakwenda pole mno. Asubuhi za Juni kule Umatengoni bibi alikuwa anasogeza chungu karibu na mafiga wakati kimea kinafanya kazi.

Usalama. Kimea ni unga mbichi. Uliloweshwa, ukaota siku tatu kwenye unyevu, na wadudu wa kuharisha wanapenda unyevu. Kwa hiyo uji ukishalegea, urudishe jikoni uchemke vizuri dakika chache, ndipo upoe anywe. Wakati huo vimeng'enya vikiharibika si neno, vimeshamaliza kazi na uji hautarudi kuwa mzito. Hofu yako ya Jumanne ilikuwa sahihi kabisa, ila ulichemsha mwanzo badala ya mwisho.

Endelea pia kumnyonyesha. Kongosho la mtoto mchanga linatoa amilesi kidogo sana miezi ya mwanzo, na maziwa yako yana amilesi ndani yake. Mwili wako umekuwa ukimtilia kimea tangu azaliwe.

Kidato4_2025 aliandika:

Shikamoo mwalimu. Nina swali la mtihani. Notisi zetu zinasema "kimeng'enya hufa kwenye joto kali". Wewe umesema kinafumuka. Tuandike lipi? Na swali la kazi za vimeng'enya katika viumbe hai, mimi nina mmeng'enyo wa chakula tu, nikimaliza mate, tumbo na utumbo sina kingine cha kuandika.

MwalimuMstaafu_Songea alijibu:

Marahaba mwanangu. Andika kimepoteza umbo lake asilia. Usiandike kimekufa. Nilikata alama kwa neno hilo miaka 31 na sijuti, kwa sababu linaficha jambo lililowasumbua wanasayansi karibu karne nzima.

Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walichukua shayiri iliyooteshwa, yaani kimea kama hiki cha MamaG, wakailoweka, wakachuja yale maji, wakatia alkoholi, ikatuama unga mweupe uliogeuza wanga kuwa sukari. Wakauita diastesi. Ndicho kimeng'enya cha kwanza kutengwa na kupewa jina, na mwisho wa jina lake ndio unaousikia kwenye amilesi, katalesi na wenzake. Yaani elimu hii yote ilianzia kwenye kimea. Lakini wengi waliendelea kuamini kwamba uchachu wa pombe ni kazi ya kiumbe hai tu, na bila hamira iliyo hai hakuna kitu. Mwaka 1897 Eduard Buchner akasaga hamira kwa mchanga mpaka seli zikapasuka, akakamua juisi, akaitia sukari. Hakuna seli hata moja nzima mle, na bado juisi ikatoa mapovu. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobeli. Kilichofanya kazi hakikuwa hai, kwa hiyo hakiwezi kufa. Mwaka 1926 James Sumner, Mmarekani, alipata fuwele za kimeng'enya yuresi kutoka kwenye aina ya maharage, akaonyesha kwamba ni protini.

Kuhusu kazi, usibaki tumboni. Mmeng'enyo ni ukumbi wa mbele tu wa nyumba. Pumua nje. Sehemu kubwa ya hewa ukaa uliyotoa ilisafiri kwenye damu ikiwa imebadilishwa kuwa bikaboneti, na kimeng'enya kilicho ndani ya chembe nyekundu ndicho kinachoibadilisha wakati wa kuingia na kuirudisha wakati wa kutoka. Kimoja tu kinaweza kushughulikia karibu molekuli milioni moja kwa sekunde. Bila hicho damu isingewahi kuipokea na kuishusha ndani ya muda mfupi inaopita kwenye mapafu. Kila seli inapojigawa, DNA yake inanakiliwa na vimeng'enya. Usiku ukimwona kimulimuli, ule mwanga ni wa kimeng'enya. Na mmea haujengi sukari kwa jua peke yake, kuna vimeng'enya vinavyokamata hewa ukaa.

Kama shule yenu ina maabara duni, fanyeni hivi. Omba haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda duka la dawa. Weka kipande cha ini bichi kwenye glasi, mimina: povu litapanda mpaka juu. Chukua ini lililochemshwa, mimina: kimya. Katalesi ya ini bichi inavunja ile dawa kuwa maji na oksijeni, na seli zako zinafanya hivyo kila saa kwa sababu sumu hiyo inazaliwa ndani yao zenyewe. Sisi tuliwahi kufanya na uji pia. Tulikuwa na flaski mbili za chai na iodini ya zahanati. Uji bila kimea, tone la iodini, rangi ya bluu nyeusi tii. Uji wenye kimea tulipima kila baada ya dakika kumi: bluu, kisha zambarau, kisha kahawia nyekundu, mwisho iodini ikabaki na rangi yake. Darasa zima lilisimama juu ya madawati kutazama. Wanga ulikuwa unatoweka mbele ya macho yao.

Na MamaG nikupe moja la kwako. Zile SP, dawa za kukinga malaria ulizomezeshwa kliniki ulipokuwa mjamzito, zinapiga vimeng'enya viwili ambavyo mdudu wa malaria anavihitaji kutengeneza foleti. Bila foleti hawezi kunakili DNA yake, hazaliani. Ndiyo sababu kliniki hawataki umeze foliki asidi, yaani foleti ya vidonge, ya dozi kubwa ya miligramu tano pamoja na SP, maana utakuwa unamletea mdudu kile ulichomnyang'anya.

Jiko_la_Mishkaki_Msa aliandika:

Mwalimu, salaam kutoka Mombasa. Nimekusoma na moyo wangu umeingia furaha, maana nadhani umenijibu tatizo ambalo halihusu uji. Mimi nauza mishkaki. Nyama yetu ya ng'ombe ni ngumu, kwa hivyo twaipaka papai bichi lililosagwa na ganda lake, thomu, tangawizi na ndimu. Saa moja, saa moja na nusu, nyama yalainika vizuri. Juzi mvua ilinyesha sikuuza, nikaiweka kwenye friji hadi siku ya pili jioni. Nyama ilikuwa imeharibika lakini si kwa kunuka. Ukiishika yapondeka, haishiki kijiti, na ukiila ni kama unga mdomoni. Kilo sita nimetupa. Friji ilikuwa yafanya kazi.

MwalimuMstaafu_Songea alijibu:

Pole sana, kilo sita ni hasara. Nyama yako haikuoza, ililiwa. Utomvu mweupe wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papeini, na huyu hagusi wanga, anakata protini. Nyama ni protini. Tangawizi nayo ina kimeng'enya cha aina hiyo, kwa hiyo uliweka wawili.

Kuna jambo watu hawalitarajii. Chumvi ukitia inaisha kazi yake, ndimu ukikamua inaingia basi. Kimeng'enya hakitumiki kikaisha. Kikikata mnyororo mmoja kinauachia, kinashika mwingine, tena na tena, na kiko vilevile kama kilivyoanza. Ndiyo maana kijiko kimoja cha kimea kilitosha sufuria nzima ya MamaG. Friji ilikipunguza mwendo tu. Ulikipa usiku na mchana wake wote, kikaendelea kukata mpaka nyuzi za nyama zikaisha.

Na papeini ni mgumu kuliko wengi, anastahimili joto ambalo linawashinda wengine, kwa hiyo hata nyama ikiwa juu ya makaa inapoanza kupata moto bado anakata, tena kwa nguvu zaidi, mpaka ndani kuive kabisa. Dawa yako ni saa. Siku ambayo hujui kama utauza, weka nyama na viungo vingine bila papai na tangawizi, na papai ulipake saa moja kabla ya kuwasha makaa. Lile papai bivu la njano lina papeini kidogo sana, halitakusaidia. Na vaeni glavu mnapomenya mabichi mengi, utomvu ule unakula ngozi ya vidole, nayo ni protini.

Nyamongo_wa_Mara aliandika:

Mwalimu na mimi nina la kwangu. Kwetu ulezi umekuwa ghali, mtama upo. Naweza kuotesha mtama nikapata kimea cha uji wa watoto? Mke wangu ana pacha.

MwalimuMstaafu_Songea alijibu:

Hongereni kwa pacha. Mtama unatoa kimea chenye nguvu, pombe nyingi za kienyeji zinategemea huo. Lakini kwa watoto wadogo ningekusihi utafute ulezi, hata kilo moja tu, maana kimea kinatumika kidogo kidogo. Chipukizi na vimizizi vya mtama vina kitu kinachoweza kutoa sianidi. Kama huna njia nyingine, ukishakauka fikicha mpaka machipukizi na mizizi yote idondoke, pepeta, tupa, saga punje tupu, na uji uchemshwe tena baada ya kulegea kama nilivyosema.

Nawe ni wa Mara, unajua muhogo mchungu. Ni habari hiyohiyo. Ndani ya muhogo sumu imefungwa na sukari, imetulia, na kimeng'enya cha kuifungua kimekaa chumba kingine cha seli. Havikutani mpaka muhogo uumie. Ukiukwangua, ukiutwanga, ukiulowesha au ukiuvundika kufanya udaga, kuta zinapasuka, kimeng'enya kinaifikia sumu, kinaifungua, sianidi inatoka kama hewa na kupotea. Mama zenu wanauacha siku kadhaa kwa sababu kimeng'enya kinahitaji muda. Ukiwa na haraka ukautumbukiza mzima kwenye maji yanayochemka, umefanya kosa la MamaG la Jumanne, ila hapa kosa ni la hatari: umekiharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza, na sumu imebaki imefungwa ndani ya chakula. Miaka ya 1980 kule Tarime, wakati wa ukame, watu walikula muhogo mchungu uliokatishwa njia, na wengine, wengi wao watoto na akina mama, wakapooza miguu ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo, na miguu ile haiponi. Njaa ndiyo iliyowanyima siku zile chache za kungoja. Nikilikumbuka hilo nashindwa kuliita somo la kemia.

Baba_Wawili aliandika:

Mwalimu naomba radhi kwa nilichoandika mwanzo. Ila niulize: kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anauza vidonge vya "vimeng'enya hai vya matunda", anasema chakula kilichopikwa kimekufa na vidonge hivyo vinasafisha mwili mzima. Elfu sabini chupa. Mama yangu ana kisukari, anataka kununua.

MwalimuMstaafu_Songea alijibu:

Asinunue. Hujanikosea lolote, ulikuwa unamlinda mtoto.

Kimeng'enya cha tunda ukikimeza ni protini kama nyama. Tumboni kinakutana na tindikali kali na pepsini, na pepsini kazi yake ni kukata protini, kwa hiyo sehemu kubwa kinaliwa. Hakisafiri mwilini kusafisha. Vimeng'enya unavyohitaji mwili wako unavitengeneza wenyewe kwa maelfu ya aina, kila kimoja mahali pake. Chakula kilichopikwa hakina kosa, wanga mbichi ndio unaotusumbua. Zipo dawa za kweli za vimeng'enya, kwa mfano kwa mgonjwa ambaye kongosho lake limeshindwa kazi, nazo hufunikwa zisiharibiwe na tindikali, na daktari ndiye anayeziandika. Mama apeleke elfu sabini yake kwenye vipimo vya sukari na dawa zake, na asiache dawa hata siku moja kwa ajili ya chupa hiyo.

MamaG_Kimara aliandika:

Mwalimu, asante, Mungu akubariki. Leo nimefanya. Uji mzito, nimeipua, nikachovya kidole. Mara ya kwanza nilifika mbili nikatoa. Nikangoja. Mara ya pili nikafika tano, kikalalamika kama ulivyosema. Nikatia kijiko kimoja cha kimea, nikakoroga huku natazama saa: dakika tatu ukaanza kuteleza, dakika kumi unamiminika. Nikaurudisha jikoni ukachemka, nikatia karanga za kusaga kidogo. Amekunywa kikombe chote, hakugeuza shingo. Saa tatu zimepita sasa, amelala, hajalia.

Nimempigia mama mkwe nikamwomba radhi kwa ile sufuria. Alicheka, halafu akaniuliza kidole nilichovya kipi. Kumbe na yeye ni cha mwisho.

Swali langu la mwisho: mfuko ni kama kilo mbili, utakaa muda gani?

MwalimuMstaafu_Songea alijibu:

Ukiwa mkavu utakaa miezi. Dar kuna unyevu, kwa hiyo usiuache kwenye mfuko. Uweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana, na kijiko kiwe kikavu kila mara, maana tone la maji likiingia ukungu utafuata. Ukiona ukungu au harufu ya uvundo, tupa wote. Ukiwa na wasiwasi tu kwamba umechoka, usijaribu kwenye sufuria nzima. Chota uji mzito vijiko vitatu kwenye kikombe, chovya kidole, tia kimea kidogo, koroga, hesabu dakika kumi. Ukilegea, bado kina nguvu.

Na mwombe mama mkwe akutumie ulezi mzima safari ijayo, kilo moja inatosha kuanzia. Majani ya mgomba Kimara yapo.